Swichi ya Bandani

Rafiki yangu fundi umeme haapi ovyo, ila haya aliniapia. Shemeji yake alimwita atie taa kwenye banda la uani, kisha akamfokea kutwa nzima.

"Fyuzi umeing'oa ya nini? Umetuzimia nyumba nzima!"

"Nikinaswa utanifufua wewe?" fundi akamjibu, akaitia fyuzi mfukoni, asije mtu akarudisha umeme.

Alishafunga balbu na swichi bandani. Alipotoka kuchukua waya na kuutia begani, shemeji akaubamiza mlango wa banda, akautia kufuli. "Basi! Toka kwangu!"

Ndani ya banda lisilo na mtu, swichi ikalia, ta! Mwanga ukapenya chini ya mlango.

Fundi akapapasa mfuko: fyuzi ilikuwamo. Na waya wa kupeleka umeme bandani ulikuwa bado umeviringwa begani mwake.

Swichi ikalia tena.