Stokingi za Kuvisha Nyasi

Pankrasi alikuwa ameinamia robota jipya la mitumba, katikati ya kelele za soko kuu la Songea, aliposikia sauti ya kike ikimuuliza kama anazo stokingi.

Aliinua uso akamwona binti mrefu, mweusi wa kung'aa, amejitanda ushungi wa rangi ya samli. Viatu vyake vilijaa vumbi jekundu. Hakuonekana mtu wa stokingi.

"Ninazo, dada, ila nyingi zimetoboka."

"Hizohizo. Nipe zote."

"Zote? Una miguu mingapi?"

Binti akacheka huku amefunika mdomo kwa ncha ya ushungi. Akasema si za miguu yake, ni za kuvisha nyasi.

Jina lake Mwanaheri, mwenyeji wa Tunduru. Mradi mmoja ulimleta kutunza kilima nje ya Mshangano, walikozikwa manduna, wale wakuu wa vita wa Kingoni wa zamani. Magugu ya kigeni yaliyokifunika yalikwisha kung'olewa, na kazi yake ilikuwa kurudisha nyasi za asili, zile zilizokuwapo wazee walipolazwa pale. Mbegu zake aliziokota kandokando ya mashamba ya Maposeni. Kwa kuwa upepo huzipeperusha mara zikiiva, alivisha masuke stokingi na kuzifunga kwa uzi.

Pankrasi alisikiliza mpaka akasahau wateja. Babu wa babu yake alilala kwenye kilima hicho, naye hakujua jina la unyasi hata mmoja. Alikuwa karani mpaka mwaka juzi, walipopunguzwa kazini, ndipo akaingia kwenye biashara ya nguo kama wengi wa miaka ile.

Tangu siku hiyo, kila alipofungua robota, alikwenda duka la jirani kumpigia Mwanaheri simu kwenye ofisi ya mradi.

"Mzigo umefika, Mwana."

"Wa rangi gani?"

"Kahawia. Na moja nyeusi yenye maua."

"Hiyo usiuze. Nitamvisha nduna."

"Na mimi utanivisha nini?"

"Wewe nitakuvisha subira."

Jumapili jioni walipanda kilima pamoja. Nyasi alizopanda Mwanaheri zilikuwa zimefika kifuani, nyekundunyekundu kama shaba, zikilala na kuinuka kwa upepo. Mwanaheri alizitaja kwa Kiyao, naye Pankrasi, aliyekuwa amekwisha kumuuliza mama yake, akazitaja kwa Kingoni. Wakati mwingine walisimama tu humo ndani, mikono imegusana, mpaka jua likawaacha.

Mwezi wa tano mwaka 1997 Mwanaheri alikwenda Tunduru siku nne kwenye msiba. Siku hizohizo Mzee Bartholomeo, baba mkubwa wa Pankrasi na mkuu wa ukoo, alimwita akamwambia ukoo utakutana makaburini, na ni aibu wageni kukuta pori. Pankrasi alipanda kutazama. Hakuona stokingi hata moja, akaamini mbegu zimekwisha kuvunwa. Isitoshe, mkaguzi wa mradi alikuwa njiani. Mwanaheri naye angefurahi kukuta mahali pake pasafi. Akashika fyekeo, yeye na rafiki yake Kajetani, na kabla ya saa sita kilima kilikuwa kipara.

Mkaguzi alipofika aliandika kwamba kazi ya miaka miwili haionekani, na mradi ufungwe.

Mwanaheri aliporudi hakupiga kelele. Alisimama juu ya visiki vya nyasi, akasema, "Sikuzivisha kwa sababu zilikuwa hazijaanza kuiva. Ungeniuliza tu, Pankrasi."

Baada ya hapo simu za Pankrasi zilijibiwa na karani wa ofisi: dada ametoka.

Siku ya ukoo, Mzee Bartholomeo alisimama mbele ya watu wote, mkaguzi akiwa mgeni wao, akamsifu Pankrasi kwa kuwaheshimu wazee. Watu wakapiga makofi. Nyuma kabisa Pankrasi aliuona ushungi wa rangi ya samli.

Akasimama.

"Baba mkubwa, sifa hizo si zangu. Hapa palikuwa na nyasi za kufika kifuani, zilezile za wakati wa nduna. Huyu dada alizirudisha kwa mikono yake. Mimi ndiye niliyezifyeka, kwa kutojua. Kama kuna kosa, liandikwe kwa jina langu."

Mzee akaitazama ardhi, akasema taratibu kwamba kweli, alipokuwa mtoto walipita hapa wameinama, nyasi zikiwagusa masikio, alikuwa amesahau. Mkaguzi akaomba kuonyeshwa malundo yaliyofyekwa. Akayapekua, akachunguza mizizi iliyobaki, akauongezea mradi msimu mmoja.

Watu walipotawanyika Mwanaheri alimfuata.

"Umejiaibisha mbele ya ukoo wako."

"Ndiyo. Mwana, nataka kukuoa."

Mwanaheri akachezea ncha ya ushungi.

"Kwetu Waislamu, kwenu Roma. Baba atakataa."

"Nitakwenda."

"Atakataa, nakwambia."

"Nitarudi mara ya pili."

Mwanaheri akampa konzi ya nyasi zilizokatwa amsaidie kuzitandaza, huenda suke moja au mawili yalikuwa yamewahi kuiva. Wakafanya kazi hiyo bega kwa bega mpaka kilima kizima kikanukia majani makavu.

Baba yake alikataa mara ya kwanza, kama binti yake alivyosema. Mara ya pili aliagiza mgeni aletewe kiti.