Pistoni za Kitonga

Jioni ile shemeji yangu Philbert alinituma kwa jirani kuazima kandili. Tochi yake ilikuwa imekufa, naye hakutaka kulala kabla ya kufunga injini. Nilikwenda. Mjane akitumwa na kaka wa marehemu, anakwenda. Akikataa ataambiwa ana kiburi, na mimi nilikuwa nimeshaambiwa ya kutosha.

Ukungu ulikuwa umeshuka Ilula. Barabarani wenzangu wa kuuza nyanya walikuwa wanafunika matenga yao, na malori ya Zambia yalipita taa zikiwa zimewashwa mapema.

Injini yenyewe ilikuwa sebuleni kwangu. Ndiyo, sebuleni, juu ya magunia, pale mume wangu Liberatus alipokuwa akikaa kunywa chai. Ilikuwa ya Kombi, lile gari lenye kitanda, jiko dogo na mapazia ya maua, alilouziwa na mzungu mmoja aliyechokea njiani. Alilipenda gari hilo kuliko shamba. Nalo likamtupa bonde la Kitonga mwezi wa mvua. Kwenye Kombi injini inakaa nyuma na dereva anakaa mbele kabisa, hana cha kumkinga ila bati. Basi mume wangu akafa, injini ikapona. Naambiwa Philbert alipofika kule chini, kitu cha kwanza alichokigusa ni injini.

Kwa watu wa ukoo wetu, mtu akifia njiani, hata mwili ukishazikwa, yeye mwenyewe bado yuko pale alipofia. Mke hukata tawi mahali pale, humwita kwa jina lake, kisha hulileta tawi nyumbani bila kusema neno wala kugeuka nyuma. Likiwa zito, ujue amekuja. Mama mzazi hulipokea na kulibeba mgongoni kama alivyombeba uchangani, mpaka kaburini. Na kabla ya hayo, hakuna kitu chake kinachoondolewa mahali pale. Hata kiatu.

Philbert aliondoa gari zima. Alikuja na lori na kamba, akalivuta hadi uani kwangu, akalinyoosha uso kwa nyundo.

"Padri ameshasali," aliniambia. "Hayo mengine ni ushenzi, shemeji."

Akashusha injini, akaitawanya sebuleni, na vyuma vyake akavioshea petroli ndani ya sufuria yangu ya ugali. Ugali wangu ulinuka gereji mwezi mzima. Watu husema kaka wa marehemu hurithi mjane. Wangu hata hakunitazama, alirithi spana.

Mimi na mama mkwe, Mama Kalista, tulikwenda Kitonga hata hivyo. Nilikata tawi. Niliita. Tawi likabaki jepesi kama fagio.

"Hayupo hapa," mama alisema. "Ameondoka na chuma chake."

Sasa, niliporudi na kandili jioni ile, nilimkuta mama huyo amesimama nje ya uzio wa matete, amejitanda kaniki. Tangu injini iingie, hakuwahi kuvuka kizingiti changu. Mkononi alikuwa na lile tawi.

"Kamwene, mkwe wangu," alinisalimia kwa kunong'ona.

"Kamwene, mama."

"Ameshaifunga?"

"Bado. Anangoja taa."

"Basi ingia umwite Liberatus. Likishafungwa lile dude, mwanangu hatoki tena. Atakuwa anaungua humo kila wakiwasha."

Akanipa tawi, nikalificha ndani ya khanga, nikaingia.

Philbert alikuwa amepiga magoti, mikono myeusi hadi viwiko. Pistoni zilikuwa zimetokeza ubavuni mwa injini, mbili huku, mbili kule, bado kuvishwa silinda. Mbili zilikuwa zinang'aa. Mbili zilikuwa na rangi ya majivu. Niliona, ila sikufikiri kitu.

"Leta taa hapa. Sogea. Mbona umejikumbatia hivyo?"

"Baridi, shemeji."

Palinuka petroli. Palinuka grisi. Na chini ya harufu hizo... udongo. Udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa asubuhi.

Halafu nikasikia.

Hhhh...

Niliutazama mdomo wa Philbert. Ulikuwa umefungwa.

Hhhh... hhhh...

Injini ilikuwa inapumua.

Niliinama mpaka nywele zangu zikakaribia chuma. "Liberatus," nilinong'ona. "Twende kaburini kwako. Twende, baba."

Pumzi ikakatika.

"Unaongea na nani?" Philbert aliuliza.

Sikumjibu, maana tawi lilikuwa limeniangusha mkono. Lilikuwa zito! Zito kama debe la maji. Niliweka taa sakafuni, nikalikumbatia kwa mikono yote miwili, nikatoka. Philbert alinifokea nyuma yangu kwamba nimemwekea taa vibaya. Sikugeuka.

Nyuma yangu mtu alikuwa anatembea. Taratibu, akiburuta mguu mmoja kwenye majani yenye umande. Nikakata kona ya nyumba, naye akakata. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Kaburi liko mwisho wa shamba la mahindi. Mama Kalista alikuwa ananingoja penye uzio, ameshainama na kutega mgongo. Nilimwekea tawi. Akalifunga kwa kaniki, akaanza kulibembeleza kwa sauti ya chini, mzee yule, kwa maneno ya kumlaza mtoto.

Akapiga hatua moja.

Akasimama.



"Mkwe."

"Mama."

"Liberatus nilimbeba mgongo huu. Uzito wake naujua."

Akafungua kaniki, akaliweka tawi chini.

"Huyu siye mwanangu."

Nilikimbia kurudi ndani. Miiko yote niliivunja njiani, nikageuka, nikalia, nikapiga kelele. Philbert alikuwa ameshavisha silinda, anakaza nati. Krr. Krr.

"Shemeji, hizo pistoni umezitoa wapi?"

"Mbili ni za Libe. Zake nyingine zilikuwa zimekwaruzika, na vipuri unajua hakuna nchi nzima. Nikashuka tena bondeni. Kuna Kombi nyingine chini zaidi, ya siku nyingi, imeotewa na nyasi."

"Ilikuwa ya nani?"

"Nitajuaje? Mwenyewe hajaja kudai." Akacheka.

"Usikaze, Philbert. Nakuomba. Kaka yako yumo humo."

Alinitazama kama anavyotazamwa mlevi. Kisha akakaza ya mwisho, kwa nguvu, mpaka mshipa ukamtoka shingoni.

Injini ile ilipopandishwa garini iliwaka mara ya kwanza tu. Watu wakasema Philbert ana mkono wa baraka. Leo anabeba abiria kati ya Ilula na Iringa mjini, amenenepa, kanisani anakaa benchi la mbele. Mimi nikisikia Kombi inapanda mlima naziba masikio, kwa sababu anapobadili gia kuna mtu anakohoa humo ndani, na kikohozi hicho nililala nacho miaka mingi. Mungu anayaona haya, au na yeye amepewa lifti?

Mama Kalista hakunyooka tena mgongo. Alikufa msimu wa baridi, ameinama vilevile. Tawi tulikuwa tumeliacha penye uzio usiku ule, asubuhi halikuwepo.

Wazee niliowaendea waliniambia dawa yake ni rahisi. Mgeni wa namna hiyo unamwita kwa jina lake mwenyewe, unamwonyesha njia ya kwao, anakwenda. Rahisi kweli! Nimeuliza Ruaha Mbuyuni, nimeuliza madereva wa Igawa na wa Mbeya. Hakuna anayemjua aliyekufa kwenye Kombi ile ya zamani.

Na jioni ukungu ukishuka, mlango wangu unagongwa. Polepole, kwa adabu.

"Nani?" nauliza.

Nje mguu mmoja unaburutwa. Harufu ya udongo inapita chini ya mlango.

"Liberatus."

Sauti si yake. Hata lafudhi si ya watu wa huku.

"Wewe si Liberatus. Nitajie jina lako, nikurudishe kwenu."

Anakaa kimya, kama mtu anayejitahidi kukumbuka. Nangoja. Kila siku nangoja, mgongo wangu ukiwa umeuegemea mlango.

"Liberatus," anasema tena. "Si ndivyo ulivyoniita? Nifungulie, mke wangu."