Chawa Hawaulizi Kazi ya Mama

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Sisimizi alimsaidia mama yake kusukuma mkokoteni wa taka mpaka njia panda. Aliitwa Sisimizi kwa udogo wa umbo na kwa kutotulia. Mama yake alikuwa mzoa taka, na mtaa mzima ulijua kwamba akiugua yeye, nzi watafanya mkutano wa hadhara.

Usafi wa mama huyo ulikuwa wa kuudhi. Nyumbani kwake hugusi kijiko kabla ya kunawa mpaka viwiko. Nywele za binti yake alizisuka kila Jumapili, mistari imenyooka utadhani imepigwa rula.

Siku moja darasani watu wakaanza kujikuna. Alianza binti wa mwenye duka la dawa, akafuata jirani yake, mara benchi zima. Mwalimu wa darasa akachungulia kichwa kimoja, akaruka nyuma.

"Chawa!"

Hakuna aliyeuliza wametoka wapi. Macho yote yalimgeukia Sisimizi.

"Ni huyo, mwalimu," alisema binti wa mwenye duka la dawa. "Mama yake si anashinda majalalani?"

"Hata mimi nilijua!" akadakia mwingine, ambaye asubuhi hiyo hakujua hata saba mara nane.

"Mwalimu, mimi siwashwi," Sisimizi alisema.

"Nyamaza!"

Mwalimu hakumkagua. Alichukua mkasi, akazikata zile nywele palepale, mbele ya wenzake. Kisha akamwekea kigoda mlangoni. "Utakaa hapo peke yako mpaka chawa waishe."

Jioni mama alimalizia kumnyoa kwa wembe, midomo ameibana kwa hasira.

"Mama, mimi shule sirudi."

"Utarudi. Ukikimbia, watasema ni kweli. Nenda, na ukionewa, sema."

Wiki iliyofuata chawa hawakuisha, walizidi. Wenzake walijikuna mpaka kalamu zikaanguka. Mwalimu naye, kila alipogeukia ubao, kidole kilipenya chini ya kilemba.

"Wewe mtoto," alifoka, "bado tu unatuletea wadudu?"

Sisimizi alisimama. 

"Samahani, mwalimu. Kichwa changu ni kama yai. Hao chawa nawafuga wapi?"

Darasa likaangua kicheko, kisha kicheko kikakatika ghafla. Kila mtu alikitazama kile kipara.

"Na siku ile, mwalimu, mbona hukunikagua kabla ya kunikata?"

Mwalimu aliweka chaki chini. Kesho yake alimwita muuguzi wa zahanati, na mama yake Sisimizi, aliyesikia habari kwa binti yake, naye akaja, buti miguuni. Muuguzi alikagua vichwa vyote. Karibu kila kichwa kilikuwa na wageni, cha mwalimu kikiwemo.

"Mnachana nywele kwa kitu gani?" muuguzi aliuliza.

Kitana kimoja kikatolewa kwenye mkoba wa binti wa mwenye duka la dawa. Kumbe darasa zima lilikuwa likikiazima.

"Na huyu mwenye kipara?"

"Huyo tulimnyima," binti alijibu kwa sauti ndogo. "Tulisema ni mchafu."

"Basi mlimnyima chawa wenu," alisema muuguzi. "Chawa hawaulizi mama yako anafanya kazi gani. Wakipata kichwa, wanahamia."

Mwalimu aliinamisha uso. "Mama, nisamehe. Nywele za mwanao…"

"Nywele zitaota, mwalimu. Jina la uchafu ndilo halitoki lenyewe. Ulimpa mbele ya watoto hawa, mvue mbele yao."

Mwalimu akawageukia wanafunzi. "Nilimhukumu mwenzenu kwa kazi ya mama yake. Sikumkagua, nilimdhania tu. Nimekosa. Sisimizi, rudi kwenye benchi lako."

"Na mimi ndiye niliyeanza," alisema binti wa mwenye duka la dawa, machozi yakimlenga. "Nisamehe."

"Nimekusikia," Sisimizi alijibu akiketi. "Kukusamehe nitakuambia nikiwa tayari."

Mama alicheka kidogo, kisha akawakazia macho watoto wote.

"Wanangu, mkisikia fulani ni mchafu, mwizi au mjinga kwa sababu ya kwao, ulizeni: nani ameona? Kama hakuna aliyeona, msikubali, hata aliyesema awe mkubwa. Na wewe unayejua si kweli ukanyamaza, umeshika mkasi pia."

 Mama akavaa glavu zake, akaenda kazini.