Kibodi Iliyonata

Haya nilisimuliwa na jirani yangu, fundi wa kompyuta za shule, Jumamosi iliyopita tulipokuwa tukifua mashuka. Yanamhusu binti wa kaka yake, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye nyumbani walimwita Bibi Kinyaa. Jina alilistahili. Kikombe hakinywei mpaka akinuse kwanza, na sahani aliyolia chakula mdogo wake haigusi hata umlipe.

Kila siku baada ya masomo alikwenda kumsaidia shangazi yake, yaani huyo jirani yangu, katika chumba cha kompyuta. Wiki ile mkono wa kulia wa shangazi ulikuwa kwenye plasta, kwa hiyo shangazi akawa mdomo na msichana akawa vidole.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Maji ya bomba la shule yalikuwa yanatoa harufu ya soksi zilizovunda, lakini mwalimu mkuu alikataa kulifunga. "Watoto mia sita watakunywa nini? Nionyesheni majibu ya kipimo kwanza," alisema. Bwana afya akaleta kipimo, na sampuli ikalazwa kwenye kisanduku cha joto ili isomwe kesho yake asubuhi. Shida ni kwamba programu ya kukisoma kipimo hicho ilitengenezewa kompyuta za aina nyingine kabisa.

"Ndani ya kompyuta kuna kiini," shangazi alieleza. "Mfano wa mlinzi getini. Programu ikija, anatazama herufi zake za mwanzo. Asipozitambua, anaifukuza. Sasa tunampa agizo: ukiona herufi hizi, usifukuze, mwite mkalimani. Umenipata?"

"Nimekupata, shangazi."

Lakini kibodi! Vitufe vilinata kwa chai iliyomwagika zamani. Katikati yake kulikuwa na nywele, makombo na mguu wa mende. Kila akibonyeza, kidole kilibanduka kwa sauti. Bibi Kinyaa alipumulia mdomo, akaandika agizo alilosomewa, na programu ikafunguka.

"Safi! Sasa liandike tena kwenye faili la kuwashia," shangazi alisema akimpa karatasi ya maagizo. "Kiini kikizimwa kinasahau yote. Nakwenda kufunga madirisha."

Msichana akautazama ule mguu wa mende. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Shangazi aliporudi, alimkuta tayari ananawa mikono.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Shangazi akazima kompyuta.

Asubuhi shangazi alikwenda kliniki kuangaliwa mkono. Saa mbili na nusu Bibi Kinyaa aliitwa kutoka darasani aende chumba cha kompyuta. Mlangoni alimkuta mdogo wake ameshika tumbo, kajitapikia shati zima. "Nimekunywa maji ya bomba," alilia.

Ndani ya chumba, bwana afya alikuwa akibonyeza tangu alfajiri, kabla watoto hawajafika, bila mafanikio. "Programu haifunguki. Mashine yenu mbovu hii. Basi, nitarudi wiki ijayo."

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini harufu ya yale matapishi ilimfuata hadi ndani, na safari hii kinyaa alijionea mwenyewe.

"Mashine si mbovu," alisema. "Jana niliambiwa niandike agizo mara mbili. Nikaandika mara moja, nikasema nimemaliza. Nilidanganya."

Bwana afya akatazama saa. "Nina dakika kumi, mwanangu."

Akaketi. Akaitoa karatasi ya maagizo. Vitufe vilinata vilevile, mguu wa mende ulikuwa palepale. Aliandika agizo, akaliandika tena kwenye faili la kuwashia, akazima, akawasha. Programu ikafunguka. Majibu yakaja mekundu kutoka juu hadi chini.

Bomba likafungwa saa ileile. Mfuniko wa tangi ulipofunuliwa, wote walirudi nyuma wameziba pua. Njiwa watatu walielea humo, wamevimba, manyoya yamebanduka, na juu ya maji kumetanda utando kama makamasi. Mwalimu mkuu, aliyekunywa bilauri nzima asubuhi, alikimbilia nyuma ya choo.

Alasiri, shangazi alimkuta Bibi Kinyaa nyumbani akifua lile shati lenye matapishi.

"Bwana afya amenieleza," alisema. "Ungeniambia jana kwamba kibodi inakutia kinyaa, ningemalizia mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Kazi ambayo haijaisha, naweza kuimaliza. Ila ukiniambia imeisha, nitaimalizaje? Uchafu wa vidole unatoka kwa sabuni, mwanangu. Wa neno la uongo umeshaingia tumboni mwa mdogo wako."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Kesho utakuja na kitambaa, tuisafishe ile kibodi kitufe kwa kitufe."

Mdogo wake alikuwa kitandani, akinywa maji yaliyochemshwa, yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo.

"Umeyanusa kwanza?" alimuuliza dada yake.

"Nimeyanusa. Na nimeyaonja."

"Kweli?"

"Kweli."

Mdogo wake akamaliza kikombe, akageukia ukutani, akalala.