Jibu la Shutuma Ambayo Haikutamkwa

Kiti kilipita kando ya sikio langu, kikavunjikia ukutani!

Nikageuka kumtazama aliyekirusha. Nisingejali kama angekuwa mlevi wa mtaani...

Alikuwa mjukuu wangu. Damu yangu. Anayelala chini ya paa langu!

"Wewe si babu yangu!" alifoka. "Umeniua mbele za watu!"

Ndugu msomaji, keti, nikueleze kwa utaratibu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifunzwa na watu waliotuchapa kwa kukosea koma, na sijapata kuwalaani.

Vijana wa mtaa wetu wana mashindano ya kuchana mistari, yaani kushambuliana kwa mashairi, nao waliniomba niwe mwamuzi. Si kwamba naipenda midundo yao, la hasha! Ila pambano lao ni la ufundi: mizani sawasawa, kina cha kati, kina cha mwisho. Anayejibu hukipokea kina cha mwisho cha mpinzani wake na kukifanya kina chake cha kati. Kisha lazima ajibu alichoambiwa, papo hapo. Kuhesabu vina ndiyo kazi iliyonilisha.

Tena wana sharti moja kali. Katika fainali, anayeshindwa huliacha jina lake la jukwaani. Halitumii tena maisha yake yote.

Fainali ikawakutanisha Nyundo, ndiye mjukuu wangu, na Sindano, binti mshonaji mwenye cherehani yake karibu na soko. Nikataka kujiuzulu.

"Akae," Sindano alisema. "Mzee huyu hamwonei haya hata mkewe."

Nikakaa. Kulia kwangu aliketi mwamuzi wa pili, fundi simu, kijana mwenye maneno matamu kupita kiasi. Mshereheshaji alikuwa kinyozi. Mstari wa mbele aliketi binti yangu, mama yake Nyundo, akipiga vigelegele kabla hata shindano halijaanza.

Ukumbi ulikuwa nyuma ya karakana ya samani. Vumbi la mbao, jasho, na chuki tupu. Wafuasi wa huku wakiwazomea wa kule.

Sindano alianza:

"Wajiita Nyundo wewe, msumari hujapiga,
Ukisimama kiwewe, ukisema unaiga!"

Ukumbi ukalipuka. Akaendelea, kisha katikati akasita kidogo. Akameza mate, akaruka mbele, akafunga kwa kina kilekile cha "ga." Nikampunguzia alama kwa kule kusita.

Zamu ya Nyundo. Alipanda akitabasamu kama mtu aliyekwisha kuona majibu ya mtihani.

"Wanicheka kuvuruga, ghalani nikafukuzwa,
Ni mwenyewe niliaga, sikungoja kuagizwa!"

Vina vilikaa. Mizani ilitimia. Watu wakaruka juu ya viti!

Lakini mkono wangu ulikataa kuandika alama.

"Simamisheni," nikasema.

"Mwalimu, acha mambo yachemke!" kinyozi alilalamika.

"Nimesema simamisheni! Ni nani aliyetaja habari za ghala?"

Nikamgeukia Nyundo.

"Sindano amesema hujapiga msumari, una kiwewe, unaiga. Ghala hakulitaja. Wewe umejibu nini?"

Kabla Nyundo hajajibu, binti yangu aliinuka taratibu kwenye kiti chake.

"Umefukuzwa kazi?" aliuliza. "Lini?"

"Mama, haya ni mashairi tu..."

"Kila asubuhi nakupigia pasi sare ya ghalani! Unakwenda wapi na sare hiyo?"

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Mama kapewa taarifa kwa vina!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikucheka.

"Binti," nikamwambia Sindano, "shutuma hiyo ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, Mwalimu. Sikuisema."

"Ulimsomea nani?"

"Hakuna. Nilijirekodi kwenye simu nilipokuwa nafanya mazoezi."

"Na simu imepita mikononi mwa nani?"

Sindano alimtazama mwamuzi aliyeketi kulia kwangu.

"Nilibadilisha kioo!" fundi simu aliruka. "Kioo tu! Mzee, usiniharibie biashara!"

"Mwongo!" Nyundo alibweka. "Uliniambia hakuna atakayejua!"

"Nilikwambia umsikilize kwanza ndipo ujibu, mpumbavu wewe!"

Basi. Walijihukumu wenyewe, nami nikabaki kusoma hukumu tu.

Binti yangu alinijia mezani, akaninong'oneza kwa hasira: "Baba, ni mjukuu wako. Sema hukusikia vizuri. Nani atakulaumu mzee wa umri wako?"

"Masikio yangu hayana ugonjwa."

Nikasimama. Nikatangaza kwamba Nyundo ameshindwa kwa wizi wa rekodi ya mshindani wake, na kwamba jina hilo halipo tena jukwaani. Ndipo kiti kilipokuja.

Walinzi wa ukumbi walipomkamata, binti yangu alimgeukia Sindano, kidole usoni.

"Umefurahi? Umemwaibisha mwanangu!"

"Sikumwaibisha mimi, mama."

"Maneno yalikuwa yako!"

"Yalikuwa yangu. Yangenishindia." Sindano alipangusa jasho. "Lakini nilipofika kwenye mstari wa ghala nilikuona mbele, unampigia vigelegele. Nikajua huna habari. Yeye ndiye adui yangu jukwaani. Wewe hujanikosea kitu. Nikayaruka."

Nikaikumbuka ile alama niliyomnyima kwa kusita.

Nyundo alisikia. Akaacha kupambana na walinzi. Mshindani wake alikuwa amemsitiri, naye akaivua sitara hiyo kwa ulimi wake mwenyewe, mbele ya mama yake, huku akidhani anashinda!

Binti yangu akakaa chini.

"Ungeyasema tu," alimwambia Sindano. "Ningekuchukia wewe. Sasa nimchukie nani?"

Ndugu wasomaji, najua baadhi yenu mtaandika hapa chini kwamba nilipaswa kuficha aibu ya nyumba yangu. Andikeni, wino ni wenu. Lakini aliyeficha alikuwa yule binti, wala si wa nyumba yangu. Mimi ningeficha nini? Wizi. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na anayevichanganya asiniombe nimsahihishie kazi yake.

Kijana bado anakula mezani kwangu. Jana alisimama mlangoni, macho chini, akaanza, "Babu, naomba..."

Nikamkatiza.

"Samahani yako ina njia. Ipite kwanza kwenye cherehani ya yule binti. Kisha iende jikoni kwa mama yako. Ikifika kwangu ya mwisho, nitaipokea."

Akavaa viatu. Akatoka.