Fizi za Mpiga Tarumbeta

Mpiga tarumbeta hakutulia tangu alfajiri. Anakaa, anasimama. Anafungua dirisha, analifunga.

"Utatoboa sakafu wewe!" mkewe alimwambia. "Kaa basi unywe chai."

"Chai gani? Inaniunguza mdomo mzima!"

Harusi ya binti yao ilikuwa mwisho wa mwezi. Tangu binti akiwa mdogo, baba alimwahidi: siku ukiolewa, nitakupigia mwenyewe hadi mlangoni. Sasa akipuliza kidogo tu, fizi zinatoka damu. Mashavu ndani yamejaa vidonda. Jamani, mpiga tarumbeta bila mdomo atafanya nini? Roho ilikuwa juu juu.

Na hakuwa mchafu, msimdhanie vibaya. Katika bendi yao, pale wanapowekea midomo kwenye tarumbeta hupasafisha kwa spiriti. Basi fizi zilipoanza kutoka damu, akajiambia: kama inaua vijidudu kwenye chombo, itaua na vya mdomoni. Akawa anasukutua spiriti asubuhi na jioni. Inawaka hadi machozi yanamtoka, naye anafurahi, eti dawa inafanya kazi!

Mkewe akachoka, akamwita jirani yao, muuguzi wa kliniki ya meno. Muuguzi aliingia akinusanusa.

"Shemeji, kuna mtu anapaka rangi humu?"

Alipoambiwa, akashika kichwa. "Spiriti! Unajiunguza, na ukiimeza ni sumu. Kaimwage!"

"Si naua vijidudu?"

"Unaua hadi walinzi wako. Sikiliza. Mdomoni mna bakteria wengi. Wapo wabaya, wanaotoboa meno na kuvimbisha fizi. Wapo na wazuri. Hao wanakalia nafasi, wabaya wakose pa kukaa. Tena wanauzoesha mwili kujikinga, ujue wa kupigana naye na wa kumwacha. Mate nayo yana kinga yake. Wewe unafyeka wote!"

"Kwa hiyo nisipige mswaki?"

"Nani kasema? Piga asubuhi na kabla ya kulala, taratibu, kwa dawa yenye floridi. Punguza sukari. Na kesho uje kliniki tukutoe huo ukoga uliogandia kwenye meno."

"Na mtindi?" mke aliuliza. "Nasikia una bakteria wazuri."

"Usio na sukari, wenye bakteria hai, unaweza kusaidia. Wataalamu bado wanachunguza unasaidia kiasi gani. Ila mtindi hautoi ukoga. Shemeji, usije ukasukutua mtindi ukanikimbia kliniki!"

Walicheka wote, hata mgonjwa, huku ameshika shavu.

Kliniki alikwenda. Mswaki alipiga, mtindi alikunywa. Lakini aliambiwa aupumzishe mdomo, na hapo ndipo penye kazi! Alizunguka nyumba nzima akibonyeza vidole hewani kama anapiga tarumbeta. Kila saa yuko kwenye kioo.

"Vidonda vimepungua?" anamwuliza mkewe.

"Vimepungua, baba. Niache nipike."

Vidonda vikafunga polepole. Fizi zikaacha kuvimba. Muuguzi alipomruhusu kupuliza, alianza kwa woga, kidogo kidogo. Akatema mate, akayatazama. Hayakuwa na damu.

Siku ya harusi, binti alitoka chumbani amependeza, na baba akapuliza. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikajaa ua mzima. Alilia huku anapuliza, jambo gumu kweli. Binti alipofika mlangoni aligeuka.

"Baba, rudia."

Akarudia.