Chapa Iliyochoka

Kila alipotoka shule, Jicho alipita kwanza kwenye kibanda cha mjomba wake, fundi saa. Alivua viatu vyenye matope, akapangusa meza, akapanga saa mbovu upande huu na zilizopona upande ule. Jina hilo alipewa na mjomba, kwa kuwa aliweza kuokota skrubu ndogo kuliko punje ya mchele hata kibanda kikiwa na kiza kwa mawingu. Na wiki ile mvua ilikuwa haikatiki.

Jumatatu mjomba alikuwa amekwenda kutafuta vipuri. Akaingia Kimya, msichana waliyekaa naye dawati moja, ameshika sarafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Ilikuwa ya baba yake, aliyezikwa mwezi uliopita.

"Baba alisema herufi zake zimejirudia," alinong'ona. "Alisema ni adimu, ina bei kubwa. Hebu itazame."

Jicho alivaa lenzi ya mjomba. Kweli, herufi zilikuwa nene, kama zina kivuli. Hakuwa na hakika. Lakini alipoinua uso aliyaona macho ya mwenzake, mekundu tangu msiba, na neno likamponyoka.

"Ni yenyewe kabisa," alisema.

Alhamisi Kimya alikuja darasani anatabasamu.

"Mama anauza cherehani yake. Mnunuzi anakuja leo jioni. Anaitoa kwa bei ya kutupa, maana tukiuza sarafu tutanunua mpya."

"Mmempelekea mjomba?"

"Wa nini tena? Si wewe umeshaiona?"

Masomo yalipokwisha Jicho alimwomba Kimya sarafu ile, akakimbia nayo kibandani, akamweleza mjomba yote. Mjomba aliitazama kidogo tu, akashusha pumzi.

"Kitendawili."

"Tega," Jicho akajibu kwa sauti ndogo.

"Amewapiga maelfu, uso umevimba yeye."

Jicho aliitazama tena sarafu.

"Leo sitaki hata mji. Ni chapa ya chuma inayogonga sarafu. Ikigonga mno huchoka, ikatoa herufi zilizovimba kama uso wa aliyelia." Alitoa sarafu nyingine kwenye kopo, akaziweka sambamba. "Hii ndiyo adimu. Chapa yake ilikosewa ilipokuwa ikitengenezwa, ikachorwa mara mbili. Tazama ncha za herufi."

Jicho alitazama. Kwenye sarafu ya kopo kila herufi ilikuwa na mistari miwili iliyoinuka, na ncha zake zimepasuka kama ulimi wa nyoka. Kwenye ile ya Kimya hapakuwa na mstari wa pili. Ulikuwa unene tu, umetapakaa mpaka ukingoni.

"Sarafu kama ya Kimya ziko hata dukani," mjomba alisema. "Vaa viatu. Nitakusindikiza mpaka mlangoni, lakini kinywa kitakachosema ni chako."

Nyumbani kwa kina Kimya walimkuta mnunuzi, mwenye mkokoteni, anaifunga cherehani kamba.

"Shikamoo, mama," Jicho alisema. "Usiiuze. Sarafu si adimu. Nilisema bila kujua."

Kimya aligeukia ukuta.

"Sasa mimi na kamba yangu tukafunge nini, mvua?" mwenye mkokoteni akauliza. Hakuna aliyecheka. Mama Kimya alifungua fundo moja moja mwenyewe, na yule bwana akaondoka akinung'unika.

Mama Kimya aliipokea sarafu, akaifuta kwa kidole gumba.

"Marehemu aliitunza miaka tisa," alisema. "Kwa nini ulisema ni yenyewe, mwanangu?"

"Nilimwonea huruma Kimya."

"Huruma tumeletewa na majirani, mpaka viti vikawa havitoshi. Kwako tulitaka jicho. Kesho ningeamka sina sarafu ya kuuza wala cherehani, na watoto wangekula nini?" Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Jicho zaidi. "Mtu akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hujui. Si aibu. Atakwenda kwa anayejua. Ukimpa jibu la kumfurahisha, umemdanganya, hata kama unampenda."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Umekuja kusema mwenyewe kabla mambo hayajaharibika, na hilo nimeliona."

Jicho alimtazama Kimya, ambaye bado alikuwa ameelekea ukutani.

"Huyo mpe siku zake," mama akasema, akaivuta cherehani karibu na dirisha na kuanza kushona.